Italia bila kukimbizana: lala pale wenzako wanapopita

Safari yangu ya kwanza Italia nilipanga miji saba ndani ya siku tisa. Kwenye karatasi ilikaa poa kabisa, treni za kasi zipo, miji haijaachana sana, nikaona mbona mteremko. Siku ya tano niko kwenye ngazi za stesheni, begi katikati ya miguu, treni imechelewa, nimeshaingia makanisa kumi na moja na ukiniuliza tofauti ya mawili tu nakutumbulia macho. Kitu pekee kilichobaki kichwani ni asubuhi moja Venezia (Venice), usingizi ulikata nikatoka nje saa kumi na mbili kasoro, uwanja wa San Marco mtupu, mzee mmoja anafagia, njiwa pembeni yake, maji yanagonga ngazi taratibu. Saa nne asubuhi pale pale huwezi kuinua simu upige picha bila kumpiga mtu kiwiko.

Toka siku hiyo nina sheria moja ya Italia na nitairudia humu mpaka uchoke: lala pale wenzako wanapopita. Sehemu nyingi za kihistoria kule zinajaa kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni hivi, mabasi yanashusha watu, wanapiga selfi, wananunua sumaku za friji, wanapakiwa wanaondoka. Aliyelala pale pale anapewa mji mara mbili, alfajiri na usiku, na mchana wakati wa vurugu anaenda zake kulala au kula. Chumba kinaweza kuwa ghali kidogo, sibishi, ila ukihesabu nauli za kwenda na kurudi kila siku tofauti sio kubwa kihivyo.

Kwa hiyo kabla ya yote, futa. Italia ina maeneo zaidi ya 60 kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO na hamna nchi inayoipita, sasa wewe na siku zako kumi utamaliza yapi? Siku kumi ni vituo vitatu. Roma siku nne, Firenze (Florence) na kamji kamoja ka mkoa wake wa Toscana siku nne, Venezia mbili. Au achana na kaskazini yote, fanya Roma, Napoli, Matera. Ukiniongezea kituo cha nne nakwambia haya ila utakumbuka stesheni kuliko mji.

Makaratasi na tarehe

Viza ni ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na isizidi siku 15 kabla, ila hizo siku 15 ni za kwenye makaratasi tu, miadi yenyewe ya kupeleka fomu ndo kazi, kwa hiyo miezi mitatu kabla uwe umeshaanza. Ada ya mtu mzima ni euro 90 toka katikati ya 2024, bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000, na kama utapita nchi zaidi ya moja unaomba ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Tiketi ya ndege isiyorudishwa hela usiinunue kabla viza haijagongwa, tafadhali sana.

Miezi mizuri ni Aprili, Mei, mwisho wa Septemba na Oktoba. Julai na Agosti joto la Roma linatoka juu na linatoka chini kwenye mawe, alafu tarehe 15 Agosti ni sikukuu yao kubwa, Ferragosto, wenyewe wanahamia baharini, unakuta mgahawa ulioambiwa uende umebandikwa karatasi mlangoni, kwaheri mpaka Septemba. Kipindi cha baridi bei zinashuka na foleni zinapungua, ila feri za pwani ya Amalfi zinakuwa za kutafuta na vijiji vingi vya baharini vinafunga nusu ya maduka.

Jambo lingine dogo ila limeshamtia mtu hasara: saa. Tiketi zao zinaandikwa kwa mtindo wa saa 24, 15:30 ni saa tisa na nusu alasiri yetu. Unaweza kucheka, lakini namjua mtu alisoma 09:00 kichwa kimechoka akaenda saa tisa mchana na zamu yake ilikuwa saa tatu asubuhi. Andika kwenye simu kwa mtindo wao, usitafsiri kichwani.

Tiketi za kukata mapema, na zile za kuachana nazo

Usikate kila kitu mapema, utajifunga kamba mwenyewe. Zipo chache tu ambazo ukichelewa umekosa.

Ya kwanza ni Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, Milano, kwenye chumba cha kulia cha watawa wa Santa Maria delle Grazie. Wanaingiza kikundi kidogo kwa dakika 15, milango miwili, mmoja haufunguki mpaka mwingine umefungwa. Inaonekana kama mbwembwe ila sababu ipo: Leonardo alichora miaka ya 1490 juu ya ukuta mkavu badala ya plasta mbichi kama wenzake, alitaka apate muda wa kurekebisha rekebisha, matokeo yake rangi ikaanza kubanduka yeye mwenyewe bado yuko hai. Sasa hivi wanailinda hata na pumzi zetu. Nafasi zinaisha wiki nyingi kabla, kwa hiyo pata kwanza hiyo tarehe alafu ndo upange Milano. Ukikosa, Milano iruke tu, Mungu anisamehe.

Ya pili Colosseum, ule uwanja wa kale wa mapigano wa Roma. Tiketi ya kawaida ni euro 18, inatolewa siku 30 kabla, na ina jina lako, jina hilo hilo la kwenye pasipoti. Hapa ndo niliingia mkenge: nilinunua kwenye tovuti ya wachuuzi wa katikati, karibu bei mara mbili, wakaandika jina langu la kwanza mara mbili na la ukoo hamna. Mlangoni dada aliangalia tiketi, akaangalia pasipoti, akaangalia tiketi tena, nikaona jasho linanitoka. Alinipitisha, sijui kwa huruma gani. Nunua kwenye tovuti rasmi yenyewe, na angalia vizuri maana zile za wachuuzi mara nyingi ndo zinatangulia juu ukitafuta.

Ya tatu makumbusho ya Vatican. Ya nne, kama utapanda, kuba la kanisa kuu la Firenze. Galeria ya Uffizi na Accademia, za sanaa huko huko Firenze, nazo kata siku kadhaa kabla. Basi. Vingine vyote amka tu uende.

Angalia na siku za kufungwa kabla hujapanga chochote, maana hawafungi siku moja wote. Uffizi, Accademia na Karamu ya Mwisho ni Jumatatu. Makumbusho ya akiolojia ya Napoli ni Jumanne. Vatican ni Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi ambayo ni bure, na ukiona ile foleni utatamani wangetoza. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho na maeneo ya serikali nayo ni bure, Colosseum ikiwemo. Mimi siku hizo naenda kwenye vimakumbusho vidogo visivyo na jina, ambako bure inakuwa bure kweli na sio kulipia kwa masaa matatu ya jua.

Roma

Ile tiketi ya Colosseum inakuingiza pia Foro Romano, magofu ya katikati ya Roma ya kale, na kilima cha Palatino pembeni yake, na watu wengi wanakosea mpangilio, wanaanza na Colosseum kisha wakitoka wamechoka wanachungulia Foro kwa juu wanaondoka. Geuza. Asubuhi milango ikifunguka panda Palatino, hamna mtu, miti ya misonobari na kivuli, unaona Foro yote chini yako, unashuka nayo taratibu, alafu Colosseum saa uliyopangiwa. Ilifunguliwa mwaka 80 chini ya mfalme Tito, ilijaza watu kama 50,000, na ukiwa ndani usiishie kuangalia viti, angalia chini katikati, zile kuta kama vichochoro ndo zilikuwa stoo za wanyama na watu, wananyanyuliwa kwa lifti za mbao zinazozungushwa kwa nguvu za mikono.

Ila moyo wangu uko Pantheon, lile hekalu la kale la Warumi. Kiingilio kilianza kutozwa Julai 2023, euro 5 wakati huo, zamani ilikuwa bure. Kuba lake lina upana wa mita 43 na kutoka sakafuni mpaka juu ni mita 43 hizo hizo, yaani mpira mzima ungekaa mle ndani ukagusa kote, na ni zege tupu bila nondo, karibu miaka 1,900 sasa. Juu katikati kuna tundu la wazi, halina kioo wala nini. Sasa sikiliza: siku ya mvua Roma watu wote wanakimbilia kwenye mikahawa, wewe kimbilia Pantheon. Mvua inashuka ndani kama nguzo ya fedha, wanazungushia kamba, unasikia matone yakigonga marumaru, na ukiinama utaona sakafu imenyanyuka kidogo katikati na ina vitundu vidogo vidogo, maji yanakimbilia humo yanapotea. Wajenzi walishafikiria mvua kabla hata hajazaliwa babu wa babu yako. Niliwahi kusimama pale dakika arobaini nimelowa na sikutaka kutoka.

Chemchemi ya Trevi nenda kabla jua halijapanda, saa kumi na mbili asubuhi, mchana ni kama kituo cha daladala. Sarafu zinazotupwa mle zinakusanywa zinaenda kwa Caritas, shirika la hisani la Kanisa Katoliki, kusaidia maskini, kwa hiyo kama una za kutupa tupa na roho safi. Zile Ngazi za Kihispania usikae, ni marufuku toka 2019 na kuna faini, utapigiwa filimbi mbele za watu.

Vatican ni nchi nyingine kisheria, toka 1929, ila unavuka tu kwa miguu. Mabega na magoti yafunikwe, mwanamke kwa mwanaume, hawana utani. Na hapa ndo sisi tuna silaha ambayo wazungu hawana, kanga. Weka kanga moja kwenye begi, inakuwa ushungi, inakuwa sketi, ni shuka kwenye treni yenye kiyoyozi cha hasira, ni mkeka. Nimeona watu wakinunua vitambaa vya karatasi mlangoni na mimi napita na Haba na Haba Hujaza Kibaba mgongoni. Ndani ya kanisa la Sistine hamna kupiga picha na hamna kuongea, tafuta kiti cha pembeni ukutani, kaa, uangalie dari ukiwa umekaa maana shingo itakuuma. Michelangelo aliipaka kati ya 1508 na 1512 na yeye alisimama, hakulala chali kama watu wanavyosimulia. Basilika la Mtakatifu Petro kuingia ni bure, foleni ni ya ukaguzi, na kupanda kuba ni ngazi 551, lifti inakupunguzia sehemu ya kwanza tu.

Firenze na vilima vyake

Firenze unaimaliza kwa miguu, usipande chochote. Kuba la kanisa kuu ni ngazi 463 bila lifti na unapita katikati ya makuba mawili, la ndani na la nje, sehemu nyingine bega linagusa ukuta huku na huku, kwa hiyo kama una woga wa sehemu finyu usijaribu kabisa maana ukishaingia nyuma kuna watu. Msanifu Brunelleschi alilijenga kati ya 1420 na 1436 bila kuweka kiunzi cha mbao kutoka chini, angetoa wapi miti mirefu hivyo, badala yake matofali yamepangwa kwa mtindo wa kujifunga yenyewe kama msuko. Unayaona matofali yenyewe ukiwa njiani. Mnara wa Giotto pembeni una ngazi 414 na ukiwa juu yake ndo unaliona kuba vizuri, ukiwa juu ya kuba kuba hulioni, si umelikalia.

Daudi, ile sanamu ya Michelangelo, ana mita 5 na ushee, yuko Accademia toka 1873, yule wa kwenye uwanja wa Signoria ni nakala, na nimeona watu wamepiga picha na nakala wakaondoka wameridhika. Ukiingia Accademia usimkimbilie Daudi, kuna sanamu zimepangwa njiani kabla yake, za watu kama wanahangaika kutoka ndani ya jiwe, hazikumalizwa, unaona alama za patasi kabisa. Mimi hizo zinanigusa kuliko jamaa mwenyewe.

Jioni kila mtu anapanda Piazzale Michelangelo kuangalia jua likizama. Panda nao, alafu endelea dakika kama kumi hivi mpaka kanisa la San Miniato al Monte, mandhari ni ile ile na watu robo.

Usiku mmoja au miwili toka nje ya Firenze. San Gimignano, kamji kenye minara 14 iliyobaki kati ya zaidi ya 70 iliyokuwepo enzi matajiri wanashindana nani kajenga mrefu. Mchana kumejaa. Saa kumi na moja mabasi yakishaondoka unasikia hatua zako mwenyewe kwenye mawe, bibi anatoa kiti mlangoni, paka anakatiza. Siena nayo hivyo hivyo, ule uwanja wake wa Campo umeinama kama bakuli na umegawanywa vipande tisa, watu wanalala chali pale jioni kama wako kwao. Ila tarehe 2 Julai na 16 Agosti ni mbio za farasi za Palio, kama hujaweka nafasi miezi mingi kabla siku hizo kaa mbali.

Pisa nusu siku, usilale, ni moja ya sehemu ambazo sheria yangu haifanyi kazi. Mnara ulianza 1173, ardhi laini upande mmoja, ukainama bado wako ghorofa za mwanzo, vita vikawasimamisha karibu miaka mia na huko kusimama ndo kuliuokoa, udongo ulipata muda wa kushindiliana. Ulifungwa 1990 mpaka 2001 wakiunyoosha kidogo. Kidogo tu, maana ukinyooka kabisa nani atakuja. Watoto chini ya miaka 8 hawapandi.

Venezia

Hapa ndo sheria ya kulala ina nguvu kuliko kote, mpaka jiji lenyewe limeiandika kisheria. Toka 2024 kuna siku maalum, nyingi za wikiendi za masika na mwanzo wa kiangazi, ambazo anayekuja kutembea na kurudi anatozwa ada ya kuingia, euro 5 ukilipa mapema na toka 2025 euro 10 ukichelewa. Inahusu kuanzia saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Anayelala hatozwi, ila lazima ujisajili onlaini upate msimbo wa msamaha, usije ukasema hoteli itanifanyia.

Ukitafuta chumba utaona bei nzuri sana Mestre. Mestre ni bara. Ni pazuri tu kwa kulala ila ukilala Mestre umeshakuwa mpita njia kama wengine, umelipia chumba na asubuhi ya San Marco umeikosa. Kwenye treni vile vile, Venezia Mestre usishuke, kaa mpaka mwisho, Venezia Santa Lucia, na mlango wa stesheni ukifunguka maji haya hapa mbele yako, hakuna barabara, hakuna gari, watu wazima wanasimama wanaduwaa.

Begi liwe la mgongoni au dogo la kubebeka. Madaraja yanazidi 400 na karibu yote yana ngazi, lile begi lako la magurudumu litakutesa na litaamsha mtaa. Boti za umma zinaitwa vaporetto, tiketi moja ni euro 9.50 kwa dakika 75, ghali, kwa hiyo kama utazipanda zaidi ya mara mbili chukua ya siku nzima. Namba 1 inapita mfereji mkuu wote taratibu, ipande usiku ukae mbele, ndo safari bora ya mji na hulipi mtembeza watalii. Gondola bei ya jiji ni euro 90 kwa nusu saa mchana na 110 usiku, kwa boti nzima na sio kwa kichwa, mkiwa watano mnagawana. Kama unataka tu kusema nimepanda, kuna gondola za kuvushia watu mfereji mkuu, traghetto, euro mbili, dakika mbili, wengine mnasimama.

Ramani ya simu kule inachanganyikiwa, ifunge. Kwenye kona za kuta kuna vibao vya njano, Per Rialto, Per San Marco, Per la Ferrovia maana yake stesheni, fuata hivyo. Ukipotea umepotea kwenye kisiwa, utaenda wapi. Kula kwa kusimama kwenye vile vibaa vidogo vinavyouza vitafunwa vyao vya cicchetti, unaonyesha kwa kidole, unalipa, unahama. Kwenye mikahawa ya uwanjani San Marco wanaopiga muziki, ule muziki upo kwenye bili, mimi nilisimama nje nikasikiliza bure.

Vuli na baridi maji yanaweza kupanda mpaka mitaani, wanaita acqua alta, ingawa toka Oktoba 2020 wana milango ya chuma chini ya bahari inayonyanyuliwa kuzuia.

Kusini

Pompei toka Napoli ni treni ya Circumvesuviana kama dakika 40, shuka Pompei Scavi Villa dei Misteri, sio kituo kingine chenye jina la Pompei. Treni imejaa, begi livae mbele. Wameweka kikomo cha watu 20,000 kwa siku toka Novemba 2024 na tiketi ina jina, kwa hiyo msimu wa watu kata kabla. Mlima Vesuvio ulilipuka mwaka 79, mji ukazikwa, na mpaka leo karibu theluthi moja haijachimbuliwa.

Ukifika usihangaike na kuona nyumba zote, hutaweza. Tembea barabarani uangalie chini. Utaona mitaro miwili imechimbika kwenye mawe, hiyo ni magurudumu ya mikokoteni miaka na miaka, alafu kila baada ya hatua kadhaa mawe makubwa matatu yamekatiza njia, ya kuvukia watu barabara ikijaa maji machafu, na yameachana kipimo kamili cha gurudumu lipite. Pembeni utaona kaunta za mawe zina matundu ya duara, hizo zilikuwa za mama lishe wao, mitungi ya chakula inakaa humo ndani, unapita unakula unaenda kazini. Hapo ndo nilielewa kwamba hawa walikuwa watu, sio historia. Kivuli hamna, beba kofia na maji. Kama jua ni kali au una wazee na watoto nenda Ercolano badala yake, ni padogo, masaa mawili yanatosha, na mbao zake zimebaki zimekuwa mkaa, milango, vitanda, mpaka ngazi.

Matera ndo siri ambayo sio siri tena. Nyumba za kuchonga mwambani, Sassi, watu waliishi humo na wanyama wao mpaka miaka ya 1950 serikali ilipowahamisha kwa aibu ya umaskini, mwaka 1993 UNESCO wakauweka kwenye orodha, 2019 ukawa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya. Lala ndani ya hizo hizo nyumba, siku hizi ni vyumba vya wageni. Jioni kaa kwenye ukuta taa zikiwaka moja moja, utaniambia. Kufika ni treni ndogo kutoka Bari, ratiba ya Jumapili iangalie vizuri.

Cinque Terre yenyewe sio kusini, iko kaskazini, ni vijiji vitano ukingoni mwa bahari, lala kimoja, Vernazza au Manarola, na kwenye njia za milimani vaa raba, ndala ni faini. Turudi kusini, Pwani ya Amalfi usiendeshe gari, narudia, usiendeshe, panda feri.

Treni, gari, chakula

Kwenye apu andika majina yao wenyewe, Firenze, Venezia, Napoli. Treni za kasi ukikata mapema ni nafuu na siku ya safari zinakuwa mara mbili tatu. Roma hadi Firenze ni saa moja na nusu. Zile za mikoa bei ni moja tu, hamna haja ya kuwahi, ila tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda. Mimi sikugonga. Nilikuwa na tiketi halali mkononi na nikalipa faini vile vile, kondakta mpole kabisa anatabasamu huku ananiandikia. Neno sciopero maana yake mgomo, ukiliona stesheni ujue siku ya kazi treni za uhakika ni saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi, na saa kumi na mbili mpaka saa tatu usiku.

Ukikodi gari, alama ya duara jekundu na ZTL maana yake katikati ya mji huingii bila kibali, kamera inakupiga na barua ya faini inakufuata nyumbani miezi baadaye umeshasahau.

Kahawa kunywa umesimama kaunta, ukikaa mezani bei inabadilika. Coperto kwenye bili sio wizi, ni hela ya kiti na mkate. Mgahawa wenye picha za chakula nje na kijana anayekuvuta mkono, pita.

Na maji usinunue Roma. Kuna mabomba ya chuma mitaani, nasoni, kama 2,500 hivi, yanatiririka usiku na mchana, maji baridi na salama. Watu wanainama kwenye mdomo wa bomba wanalowesha viatu. Ziba huo mdomo kwa kidole, kuna kitundu kidogo juu ya bomba, maji yanaruka kutokea hapo mpaka usawa wa midomo yako.